Kiraka au Ubao? Uhakiki wa Istilahi za Kurekebisha Kiini cha Mfumo Endeshi kwa Mwanga wa Lugha ya Mafundi wa Vyombo, Mwambao wa Saadani

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili ulijikita kwa muda mrefu katika jina la mashine yenyewe: kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake, lakini uliishia mlangoni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulisonga mbele kwa kuipa programu ya ofisi menyu na maelezo ya Kiswahili. Hata hivyo, kazi hiyo ilihusu kile anachokiona mtumiaji. Sehemu ya ndani ya mfumo endeshi, inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za kazi na kulinda mafaili, haikuguswa. Ujumbe unaotolewa na kiini cha Linux hadi leo ni wa Kiingereza. Uhakiki huu unaiangalia sehemu hiyo kwa swali moja: je, neno kiraka linabeba maana ya kazi inayofanyika hitilafu inaporekebishwa katika kiini cha seva za taasisi?

Neno kiini halina tatizo. Likiwekwa pamoja na ganda, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji, jozi hiyo humwelea kila aliyewahi kumenya yai. Kokwa lingeleta fikra ya kitu kinachotupwa embe likishaliwa. Hitilafu nalo ni bora kuliko mdudu. Kisa cha nondo aliyekutwa ndani ya mashine ya Harvard Mark II mwaka 1947 husimuliwa kana kwamba ndicho asili ya neno la Kiingereza, ilhali wahandisi walilitumia tangu karne ya 19. Kiswahili hakina sababu ya kumrithi mdudu huyo.

Ugumu uko kwenye kiraka. Kwa maana yake ya kawaida, kiraka ni kipande cha nguo kinachoshonwa juu ya tundu. Tundu hubaki chini yake, na neno lenyewe lina harufu ya uhitaji na haraka. Katika mwambao wa Bagamoyo hadi Saadani, ambako uvuvi hutegemea mashua na ngalawa, tanga hutiwa kiraka lakini kiunzi cha chombo hakitiwi. Chombo kinachovuja hupwelezwa maji yanapotoka, mianya kati ya mbao huzibwa kwa kalafati, na sehemu ya chini hupakwa deheni. Ubao uliooza hung’olewa. Fundi hawezi kuchonga mwingine kabla ya kuyakagua mataruma yaliyo nyuma yake, kwa sababu ubao mpya utashikiliwa na hayo. Lugha ya mwambao, basi, tayari inatofautisha kuziba kwa juu na kubadilisha kwa ndani. Istilahi ya kompyuta iliyokopa kiraka peke yake imeufuta mpaka huo.

Umuhimu wa mpaka huo unaonekana katika hitilafu iliyoitwa Dirty COW, CVE-2016-5195. Kwa kawaida, programu inapotaka kuandika katika ukurasa wa kumbukumbu wa faili isilo na ruhusa ya kulibadilisha, kiini huitengenezea nakala yake binafsi. Hitilafu ilikuwa katika hatua mbili zilizoachana kidogo: kiini kiliunda nakala, kikasahau kwamba safari ilikuwa ya kuandika, kisha kikaurudia ukurasa. Iwapo katika upenyo huo sehemu nyingine ya programu iliitupa nakala, maandishi yaliangukia faili halisi. Mtumiaji wa kawaida aliweza kwa njia hiyo kujipatia mamlaka ya msimamizi mkuu wa seva. Linus Torvalds alieleza alipolirekebisha jambo hilo Oktoba 2016 kwamba alijaribu kulitatua mwaka 2005, lakini suluhisho lile likaondolewa kwa sababu ya tatizo katika s390, yaani mashine kubwa za IBM zinazotumiwa na taasisi kama benki. Hapa mfano wa fundi una nguvu: ubao wa mwaka 2005 haukukubaliana na taruma moja, ukang’olewa, na mwanya ukabaki zaidi ya miaka 10.

Kwa seva za taasisi kazi haikuishia hapo. Red Hat Enterprise Linux 6, iliyotolewa mwaka 2010, ilidumu na kiini cha toleo la 2.6.32, na toleo la 7 la mwaka 2014 likadumu na 3.10, kwa sababu wateja wamekwisha kuzijaribu hifadhidata na vifaa vyao juu ya viini hivyo na hawataki vibadilike. Rekebisho lililoandikwa kwa kiini kipya cha mwaka 2016 lilipaswa kuchongwa upya ili likae katika viini hivyo vya zamani. Kuiita kazi hiyo kutia kiraka ni kuidunisha, na madhara yake si ya kilugha tu: msimamizi wa seva anayeambiwa kuna kiraka ana kila sababu ya kungoja, kwani nguo yenye tundu bado huvaliwa.

Pamoja na hayo, kiraka hakistahili kutupwa. Tangu toleo la 4.0, Aprili 2015, Linux ina utaratibu wa kurekebisha kiini bila kuizima seva. Msimbo wenye kasoro huachwa mahali pake, na wito unaouelekea hupelekwa kwenye msimbo mpya. Tundu liko chini, kipande kiko juu. Hicho ni kiraka kwa maana kamili ya neno, hali kuizima na kuiwasha seva kwa kiini kipya ndiko kupweleza.

Lakini ubao nao una kikomo. Chombo ni kimoja na fundi yuko kando yake, ilhali badiliko la kiini ni andiko, mistari inayofutwa na inayoongezwa, linalosomwa na wengi kabla ya kukubaliwa, kisha hutumika katika mashine zisizohesabika. Kwa andiko hilo sahihisho linaelekea kufaa, ila hudai usahihi ambao huenda haupo. Novemba 2017 ilitangazwa CVE-2017-1000405: badiliko lililoifunga Dirty COW lenyewe lilikuwa limeacha upenyo katika kurasa kubwa za kumbukumbu. Rekebisho linafaa zaidi, kwa kuwa hutaja kitendo bila kuahidi tokeo, na kiraka kibakizwe kwa seva inayotengenezwa ikiwa bado inafanya kazi.