Kaki Ipi?

Kijisanamu changu cha kwanza nilikikosea kuanzia kichwani. Kilikuwa askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, kimo chake hakifiki sentimita mbili na nusu. Kilitoka kwenye boksi la wanajeshi wa plastiki nililoletewa na rafiki aliyekuwa Ulaya. Nilikaa nacho mezani nyumbani Bweri, dirisha nimelifunga kwa sababu vumbi la upande wa stendi likishika rangi mbichi halitoki tena. Simu niliiegemeza kwenye kikombe, inanionyesha picha ya zamani ya askari wa aina hiyohiyo. Fezi yake kwenye picha ilikuwa nyeusi tii. Nikaipaka nyeusi.

Ilikuwa nyekundu.

Kosa halikuwa la macho yangu peke yake. Sahani nyingi za kioo walizotumia wapiga picha wa miaka ile hazikuihisi rangi nyekundu, kwa hiyo nyekundu ilitoka karibu na nyeusi, na buluu, ambayo ziliihisi kupita kiasi, ikatoka imepauka. Vitambaa alivyozungusha askari yule kwenye mashavu ya miguu vilionekana kama kaki iliyofifia. Navyo vilikuwa na ubuluu. Yaani picha ileile niliyoiamini kuliko maelezo ya mtu yeyote ilikuwa imenidanganya kichwani na miguuni, na katikati sikujua.

Tangu hapo nimekuwa nikizisoma rejea za sare kama ninavyofundishwa kusoma matini nyingine yoyote: nani ameandika, akiwa amesimama wapi, na nini hakikumshughulisha. Wenzangu wa shahada ya uzamili wananicheka. Wanasema nimegeuza midoli kuwa tasnifu. Lakini rangi haikubali kuzungukwa. Kwenye insha ninaweza kuandika "askari aliyevaa kaki" na msomaji akaridhika. Brashi inauliza, kaki ipi?

Picha ninayoizungumzia ni ya Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga picha katika koloni na kisha akaingia vitani na jeshi hilo. Zimo kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, ambayo mwishoni mwa 2008 iliruhusu maelfu ya picha zake kuwekwa Wikimedia Commons. Mtu wa Musoma mwenye bando la siku moja anaweza kuzifungua, na kwa hilo ninashukuru bila kejeli. Hakuna rejea nyingine iliyo karibu nami kiasi hicho. Nilichojifunza ni kuziangalia kwa ajili ya mikunjo: mkanda umekaa wapi kiunoni, kitambaa cha kofia kinaangukaje kisogoni, bunduki ni ya aina gani. Wengi bado walibeba ile Mauser ya 1871 ya risasi mojamoja, iliyotoa moshi mzito wa baruti na kumtangazia adui mahali ulipojificha. Kwa mambo hayo Dobbertin ni shahidi mzuri. Kwa rangi, hapana.

Rangi nimezipata vitabuni. Wapaka vijisanamu wa dunia nzima wanaujua mfululizo wa Men-at-Arms wa Osprey: kitabu chembamba, picha za kale, na katikati kurasa chache za michoro ya rangi. Cha kwetu ni Armies in East Africa 1914–18 cha Peter Abbott, kilichotoka 2002. Kina manufaa makubwa, na ninakisifu hasa kwa sababu mfululizo huu una desturi ya kuueleza kila mchoro mwishoni, mtu mmoja baada ya mwingine. Ninayemlaumu ni mtindo wenyewe wa mchoro. Watu wanasimama kwenye karatasi nyeupe, hawana kivuli cha mti wala matope. Kwa miaka minne jeshi lile lilitembea kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji na kurudi, likakatiwa njia za bahari, likashona nguo kwa pamba iliyofumwa hukuhuku na kupakwa rangi za magome. Kwa askari kama huyo, sare sahihi ya kanuni ni sare ya uongo. Mchoro unaonyesha siku aliyokabidhiwa nguo, na siku hiyo ilikuwa moja tu.

Nilipokuwa Dar nilikwenda kuitazama Sanamu ya Askari pale mzunguko wa Samora na Azikiwe, singe yake imeelekea bandarini. James Alexander Stevenson aliichonga na ikazinduliwa 1927. Shaba haina msaada kwa mwenye kutafuta rangi, ila umbo la mwili limechongwa vizuri, mtu anayesogea kwelikweli. Kabla yake, mahali hapohapo palikuwa na askari mwingine. Alisimama chini ya sanamu ya Hermann von Wissmann, anamtazama bwana wake juu huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Kwa hiyo kiwanja kimoja cha Dar kimebeba askari wawili, wa majeshi mawili yaliyouana, wote wamevalishwa na aliyewalipa. Wa Stevenson anapendeza kuliko yule wa Wissmann. Sijui kama hilo linamfanya awe rejea bora, au linanifanya tu nisimdadisi sana.

Nguo yenyewe, ile ya kushika mkononi, huku kwetu ni adimu. Nchi nyingine kuna watu wanaokusanya sare za mababu na kuzitundika kabatini. Hapa, Agosti 2023, JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Nina hakika ni kwa sababu za msingi. Lakini ukimwomba mzee akuonyeshe koti la zamani baada ya tangazo kama hilo, usishangae akikuuliza umetumwa na nani.

Jirani yetu mmoja alipigana Vita vya Kagera. Nilimpelekea vijisanamu vyangu sita kwenye kifuniko cha ndoo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hawa ni wa lini?"

"Wa vita ya kwanza ya dunia, babu. Wa Mjerumani."

Alimwinua mmoja, akamsogeza karibu na jicho, kisha mbali. "Huyu amefika jana," akasema. "Magoti yake masafi. Na mgongoni hapa, mkoba unapokaa, nguo haipauki. Pembeni inapauka. Mnawapaka kama wamening'inizwa dukani." Halafu akaniambia sare yake ya 1979 ilikuwa na rangi tatu kabla hawajafika Kampala: ya mwanzo, ya jua, na ya sabuni.

Hilo sijalikuta kwenye mchoro wowote. Niliporudi nyumbani nilichanganya kaki mara tatu, nikaacha weusi kidogo chini ya mkoba, na kwa mara ya kwanza askari wangu alionekana kama mtu aliyetembea.

Kisha akaniuliza kitu ambacho bado ninahangaika nacho. "Wabebaji wako wapi?" Kwenye boksi langu hawamo. Kila kiwanda kinatengeneza mwenye bunduki, kwa sababu ndiye mwenye sare na sare ndiyo inayouza. Upande wa Waingereza peke yao, makadirio ya wapagazi waliokufa yanapita 95,000, wengi kwa njaa na magonjwa. Kariakoo tunayonunulia nguo imebeba jina la kikosi chao. Sanamu ya Nairobi walau imemweka mpagazi mmoja kando ya wapiganaji.

Nimekata bunduki ya askari mmoja kwa wembe na kumtwisha mzigo wa udongo. Sasa ninamtafutia nguo. Hakuna kanuni iliyoandikwa kwa ajili yake, kwa hiyo ninachagua kati ya merikani iliyochakaa na kaniki, na nikirudi kwa Dobbertin kutazama, ninakumbuka kwamba kaniki ni ya buluu nzito, na kwamba sahani yake ingeweza kuipausha. Pengine baadhi ya nguo ninazoziona nyeupe viunoni mwa watu walio nyuma ya picha, kule ambako lenzi haikulenga, hazikuwa nyeupe.