Namna ya Kuipima Bendi Kubwa ya Swingi

Msikilizaji mgeni wa muziki wa swingi, uliotamalaki katika kumbi za dansi za Marekani tangu katikati ya miaka ya 1930 hata siku za Vita Kuu ya Pili, aghalabu hunaswa na kishindo cha tarumbeta, akadhani kwamba bendi yenye ngurumo kuu ndiyo bora. Lakini atakaye kuipima bendi kwa insafu na aanzie chini, kwa wapigaji wanne wa piano, gitaa, besi na ngoma, maana hao ndio wabebao mwendo, na mwendo ukiingiwa na uzito au pupa, hakuna ustadi wa wapulizaji utakaouponya.

Kwangu mimi kipimo cha kwanza ni gitaa la Freddie Green, aliyejiunga na Count Basie mwaka 1937, akadumu katika bendi hiyo, ila kwa kitambo kifupi, hata alipofariki mwaka 1987. Si mtu aliyependa kujitokeza kupiga peke yake. Kazi yake ilikuwa mapigo manne yaliyo sawa, yasiyochoka, yakioana na besi ya Walter Page na matoazi ya Jo Jones hata sikio lisitambue ni mkono wa nani uliotangulia. Mwendo wa kasi husitiri upungufu mwingi. Wa polepole hufichua kila kitu. Basi isikilize "Li'l Darlin'" ya Neal Hefti, aliyoirekodi Basie mwaka 1957, uone jinsi wapulizaji wanavyokawia kidogo nyuma ya pigo, wala muziki usilale.

Kisha panda kwa wapulizaji wenyewe. Kuanza sauti pamoja ni jambo jepesi. Sikiliza wanavyoimaliza, kama pumzi zao zakatika kwa mara moja, na kama mtetemo wa saksafoni zote ni mmoja. Hapo Duke Ellington ana daraja yake peke yake, kwani aliwatungia watu aliowajua kuliko ala walizoshika. "Ko-Ko", iliyorekodiwa Chicago mwezi wa Machi 1940, haifiki dakika tatu, maana upande mmoja wa santuri ya inchi kumi haukuwa na wasaa zaidi. Lakini humo mna tromboni ya Sam Nanton ikinena kwa sauti ya kibinadamu, mna besi ya Jimmy Blanton iliyoachiwa nafasi izungumze, na kila mzunguko wazidi kukazwa kuliko uliotangulia. Sijui santuri iliyo adhimu kuliko hiyo.

Kuhusu nakala zilizotolewa baadaye, tahadhari ni faradhi. Katika miaka ya 1960 kampuni nyingi zilizitia rekodi hizi mwangwi, zikazigawa kwa hila kushoto na kulia zidhaniwe za stirio; hizo uziepuke kabisa. Baadaye wakaja mafundi wa kufuta mchakacho wa sindano, nao wakizidisha hufuta na matoazi, kwa sababu viwili hivyo hukaa katika sauti zile zile za juu. Ukiwekewa nakala mbili za "One O'Clock Jump" ya mwaka 1937, moja kimya na laini, ya pili yenye mchakacho lakini matoazi ya Jo Jones yasikika wazi, nakusihi, msomaji, uichukue ya pili.