Ushairi wa Moyoni na Ushairi wa Daftarini

Wahakiki wetu wamezoea kuvisifu vina kwa utamu wavyo, na mizani kwa mwendo wake. Sifa hizo ni za haki, walakini zasahau kazi nyingine iliyo kubwa zaidi: vina na mizani ni vyombo vya kuhifadhia. Mtu akipotewa na neno katika mshororo wa mizani kumi na sita, hapotei mbali. Mizani humwambia urefu wa neno analolitafuta, na kina humwambia sauti linaloishia. Husaidiwa, lakini neno hulitafuta mwenyewe.

Ushahidi ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mpaka yapata mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikaa vifuani mwa watu hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na W. E. Taylor, diwani ikapigwa chapa na W. Hichens mwaka 1940. Karatasi iliyaokoa, na asiyekiri hivyo ni mtovu wa shukrani. Lakini karatasi hushika lile inaloambiwa tu. Shairi la kujibizana, likitengwa na ugomvi uliolizaa, huwa fumbo lisilo mfumbuzi, isipokuwa mtu amekumbuka kuandika na kisa chake.

Katika Phaedrus, Plato asimulia jinsi mfalme Thamus alivyoikataa zawadi ya maandishi, akihofu kwamba watu wataacha kutumia kumbukumbu zao. Hofu hiyo ina kweli, ila yaweka vyombo vyote katika kapu moja. Uchunguzi wa Linda Henkel, uliotolewa mwaka 2014, watufaa zaidi. Watu waliotembezwa katika jumba la makumbusho walivikumbuka kwa uchache vitu walivyovipiga picha kuliko vile walivyovitazama tu. Lakini walipovuta karibu sehemu moja ya kitu, upungufu huo haukuonekana. Basi chombo peke yake hakiui kumbukumbu. Kuna chombo kiamshacho akili, na kuna kile kiipacho ruhusa ya kulala.

Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ubishi ulikuwa juu ya kama tungo zisizofuata vina na mizani ni mashairi au si mashairi. Ubishi huo ulituchosha bure. Swali lililo zito ni hili: shairi lililovua vyombo vyake vya kuhifadhia lategemea nini? Lategemea kitabu, na mtunzi wake ana hiari ya kulitegemeza huko. Nimlaumuye ni mwanafunzi amsomaye Muyaka vivyo hivyo, macho hayabanduki ukurasani au kwenye simu. Muulize ubeti, atakuonyesha ulipo upesi sana. Mkatizie mshororo katikati, anyamaze, ilhali kina kimekwisha kumnong'oneza nusu ya jibu.