Vuli ya Mafia haina majani ya kupukutika

Muulize mtafsiri wa kwenye simu yako neno la Kiswahili la yale majira ambayo miti ya Ulaya huangusha majani. Atakujibu: "vuli". Basi ushauri uliotungwa kwa ajili ya mtu wa London unamfikia msomaji wa Kilindoni ukiwa umevaa Kiswahili safi: fumba macho, sikiliza rekodi hii ya hipnosisi, achilia huzuni yako kama mti unavyoachilia majani, vuli ikukute na amani.

Maneno matamu. Hebu tuyapime.

Tuanze na huzuni yenyewe, kwa sababu huko ilikotoka ni ya kweli. Norman Rosenthal, daktari wa akili aliyehamia Marekani kutoka Afrika Kusini mwaka 1976, aligundua kwamba kila baridi ikiingia nguvu zake zinashuka. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakachapisha maelezo ya sonona ya msimu. Mshukiwa wao mkuu alikuwa mwanga. Na ukitazama London unaelewa: mwezi wa Juni mchana unazidi saa 16, ila Desemba haufiki hata saa 8. Saa ya mwili inayumba, usingizi unavurugika, moyo unazama.

Sasa njoo Mafia. Kisiwa kipo takriban nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa moja kwa mwaka mzima! Kile kinachomuumiza mtu wa London, huku hakipo.

Na vuli yenyewe, si unaijua? Upepo wa kusi umeshalegea, kaskazi bado haijashika, bahari inatulia. Mvua fupi zinaanza, mkulima anashika jembe. Kuanzia Oktoba papa potwe wanaonekana karibu na Kilindoni, na wageni wanakuja kuogelea nao. Kumwambia mtu wa Mafia ajiandae kwa huzuni ya vuli ni kama kumpa pole siku ya harusi yake.

Je, majira hayagusi mioyo ya watu wa Mafia? Yanagusa sana, ila kwa njia nyingine. Masika ikipiga, hoteli nyingi za watalii hufungwa Aprili na Mei, na vibarua wanabaki nyumbani. Kusi ikivuma, mwenye ngalawa anaitazama bahari toka ufukweni, na safari ya Nyamisati inakuwa ya kushika roho mkononi. Mtu huyo akikosa usingizi, chanzo unaweza kukihesabu kwa shilingi. Hapa ndipo wazo hili linapoanza kuwa na madhara: linachukua shida ya mfuko na kuigeuza kasoro ya ndani ya mtu. Ukimtuliza mvuvi kwa dakika 20 hujamwongezea samaki hata mmoja, na ukimwambia tatizo ni mawazo yake, umemtwika mzigo wa pili.

Tusiionee hipnosisi, lakini. Si uchawi, wala si usingizi. Ni hali ya umakini mkubwa ambapo mtu hupokea maelekezo kwa wepesi zaidi, na watu hawalingani katika kuingia humo. Ina ushahidi katika kupunguza maumivu, na huko Uingereza miongozo ya tiba inairuhusu kwa baadhi ya wagonjwa wa utumbo wenye hasira ambao dawa hazikuwasaidia. Ila kwa sonona ya msimu, tiba zilizopimwa vizuri ni mwanga mkali wa asubuhi, tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mienendo, na dawa za sonona. Kufaulu kwenye utumbo si cheti cha kutibu kila kitu.

Tena Mafia si mahali ambapo nguvu ya maneno na umakini inahitaji kuletwa kwa meli. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kisiwani mwaka 1965, ameandika kwa kirefu kuhusu mashetani na uganga, hasa katika kitabu African Voices, African Lives cha mwaka 1997. Katika kupunga pepo, kama kunavyojulikana pwani, pepo hupandishwa, huulizwa jina lake na anachotaka, mbele ya ndugu na majirani. Sisemi kwamba ngoma inatibu sonona. Ina gharama zake, na inaweza kumchelewesha mtu kufika hospitali. Nasema tu kwamba pale mgonjwa hayuko peke yake, na matatizo ya nyumbani hupata nafasi ya kusemwa. Rekodi ya simu haimuulizi mtu chochote.

Yupo mtu wa Mafia ambaye ushauri wa huzuni ya majani unaweza kumhusu: kijana aliyepata nafasi ya masomo Helsinki, anayekutana na Novemba yake ya kwanza gizani. Huyo aanze na mwanga na daktari. Rekodi akitaka aongezee baadaye.

Aliyebaki Kilindoni, huzuni ikimkaa wiki mbili mfululizo, aende hospitali ya wilaya bila kungoja msimu upite. Na wewe msomaji, ukiletewa tiba ya majira, uliza kwanza: majira ya wapi?