Kukijua kipimo kizuri cha ugonjwa wa figo wa samoni

Katika vituo vya kutotolesha samoni kwenye pwani ya Pasifiki ya Marekani, bakteria wa kuogopwa ni Renibacterium salmoninarum, wanaoleta ugonjwa huu wa figo. Huingia ndani ya yai lenyewe, hivyo kuliosha kwa ayodini hakutoshi. Kuwaotesha maabara huchukua wiki nyingi, na kwa hiyo majike hupimwa kwa kipimo cha ELISA. Kingamwili zilizobandikwa kwenye vishimo 96 vya sahani ya plastiki hunasa p57, protini ambayo bakteria hawa huimwaga kwa wingi. Kingamwili nyingine zenye kimeng'enya hufuata, na rangi, inayosomwa kama namba, hukolea kadiri p57 ilivyo nyingi.

Ukipewa matokeo, usikimbilie namba za samaki. Tazama kwanza vishimo vya kulinganishia. Viwe na figo ya samaki asiyeumwa, wa aina ileile, kwa sababu figo yenyewe hutoa rangi kidogo. Maabara inayoweka maji matupu ya kuchanganyia mahali pake, mimi siiamini. Kila sampuli iwe kwenye vishimo viwili, na visomeke karibu sawa. Rangi ikikolea pembezoni mwa sahani nzima, joto halikuenea sawasawa, kazi irudiwe.

Kisha dai orodha ya samaki kwa mpangilio waliopasuliwa. Hapa ndipo uzembe hujificha. Baada ya jike mgonjwa sana, namba zikishuka ngazi kwa ngazi kwa wawili watatu wanaomfuata, shuku kisu ambacho hakikusafishwa. Uliza pia figo ilikatwa wapi: ugonjwa hukaa kwa mabaka, kwa hiyo fundi mzuri huchukua mbele, katikati na nyuma.

p57 hubaki mwilini hata bakteria wakishakufa. Ripoti nzuri husema wazi kwamba imepata protini, haidai kuona bakteria hai.

Kipimo cha kingamwili zinazong'aa chini ya hadubini kinahitaji jicho zaidi. Mng'ao wa kijani peke yake si kitu, maana uchafu nao hung'aa. Mjuzi hutafuta vijiti vifupi, vingi vikiwa viwiliviwili, vyenye ukingo uliokolea.

Mwisho, ukirudi kwenye ELISA, angalia namba za katikati. Mayai ya majike wenye namba za juu huteketezwa, ya wenye namba za chini huendelea. Kituo makini hulea ya katikati kwenye matangi ya peke yake, na vifaranga wa mayai hayo hupimwa tena.