Rushwa Ndogo ni Ndogo kwa Nani?

Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoteuliwa na Rais Mkapa mwaka 1996, iliifanyia nchi kazi kubwa. Ilitamka waziwazi kwamba rushwa imeota mizizi hata ndani ya uongozi. Hilo tunalipongeza. Hoja yetu ni juu ya mgawanyo wake: wapo wanaopokea kwa kuwa kipato hakitoshi, na wapo wakubwa wanaopokea kwa tamaa tu. Mgawanyo huu unapima mfuko wa mpokeaji. Mfuko wa mtoaji je?

Tuutazame tukiwa Kibaigwa, wilayani Kongwa, penye soko kubwa la mahindi kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro. Mkulima akisimamishwa kwenye kizuizi cha ushuru na magunia yasiyopimwa, uzito ni ule anaoukisia karani. Hapo ndipo bei ya kupita inapopatanwa. Rushwa hiyo iitwayo ndogo ni mbegu za msimu ujao. Na karani akiongezwa mshahara, je, uwezo wa kukisia umeondoka?

Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi 2, ikafuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaovuka halmashauri. Hatua hiyo ni ya kimapinduzi kuliko semina nyingi (nasi tumezihudhuria). Lakini tani hujulikana kwa mizani. Magunia kumi ya kilo 100 ni tani kamili. Mnunuzi akidai lumbesa, tani imepita. Mkulima ameibiwa kilo asizolipwa, na papo hapo amempa karani kisingizio.