Moto wa Juu

Mwenye jiko moja la mkaa, kikaango kizito na mfuniko wa bati ana vyombo vyote vya kupikia tosti ya jibini, asali na pilipili. Huku Handeni na Korogwe wengi hukiona kitafunwa hiki kuwa cha hotelini, cha watu wenye oveni. Sikubaliani nao. Ufundi wake mgumu kuliko wote tumeurithi kwa bibi zetu, nao ni kupalia.

Aliyewahi kupika mkate wa kumimina anajua. Makaa yakishakolea, mengi hupandishwa juu ya mfuniko, chini yakabaki machache tu, ili chakula kiive kwa joto linaloshuka. Jibini inataka hivyohivyo. Moto wa chini peke yake huunguza mkate kabla jibini haijalegea. Moto wa juu ukizidi, mafuta hujitenga na jibini hukakamaa kama mpira. Kati ya hasara hizo mbili kuna dakika chache, na mpishi mzuri huzijua kwa pua na kwa sikio. Harufu ya maziwa inapogeuka kuwa ya samli, na kile kimlio cha kuchemka kinapoanza kupungua, hapo mfuniko unainuliwa. Namheshimu sana mtu anayeweza kufanya hivyo bila kufunua mara mbilimbili.

Jibini yenyewe haitoki ng'ambo. Shamba la Irente, kule Lushoto, hutengeneza jibini, na Tanga mjini kuna kiwanda cha Tanga Fresh, kilichoanzishwa mwaka 1996, kinachopokea maziwa ya wafugaji wadogo. Ya Lushoto hushuka Soni hadi Mombo, ikapita Korogwe, kisha kilomita 65 za lami kufika Handeni, joto likiongezeka kadiri milima inavyobaki nyuma. Kilo moja hula takriban lita 10 za maziwa. Nikiwafikiria walioamka alfajiri kukamua maziwa hayo, naikwaruza taratibu, na sitaki hata chembe ianguke.

Asali ni yetu kabisa. Misitu ya miombo ya Handeni ina mizinga, na mtu wa Kwaluguru hahitaji kufundishwa tofauti ya asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo. Ya kwanza ni nzito na tamu moja kwa moja. Ya pili ni nyepesi, ina uchachu. Kwa tosti nachagua ya nyuki wadogo, ingawa ni ghali, kwa sababu uchachu wake hukata mafuta ya jibini, na kijiko kidogo kinatosha. Isiguse moto hata kidogo, maana sukari yake huungua upesi ikawa chungu. Humiminwa mfuniko ukishatoka, jibini ikiwa bado inatokota.

Kuhusu pilipili nina msimamo. Wengi huinyunyiza juu mwishoni, ikauma ulimi kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nasema ikae chini ya jibini. Pilipili kichaa mbili zitwangwe na chumvi na matone ya ndimu, zipakwe kwenye upande wa mkate uliokwisha kukaushwa kikaangoni, ndipo jibini ifuate. Ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji bali katika mafuta. Ndiyo maana aliyewashwa hunywa maji bila nafuu, akapoa kwa maziwa. Jibini inapoyeyuka juu yake, huupokea ukali huo na kuusambaza. Mlaji huanza na asali, akaja kwenye chumvi ya jibini, na pilipili humfikia kooni akiwa amekwisha kumeza.

Mkate uwe wa slesi, wa jana, kwa kuwa wa leo una unyevu na hulegea chini ya mzigo. Kila slesi ikatwe vipande vinne, iletwe na chai ya tangawizi kabla ya chakula chenyewe. Jibini ikipoa hukaza na ile safari ya ladha hupotea, kwa hiyo wageni wakaribishwe, wanawe, wakae, ndipo makaa yapandishwe juu ya mfuniko.